Nilivyofungwa Mara Nne

Ugonjwa wangu umenila mabelo mawili ya raba, mashine ya kushonea soli, kilo kumi na moja za mwili na mashindano niliyokwisha kuyalipia kiingilio. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu noti za mteja anayecheka sana. Hapo sijaweka nauli za Magu wala chai za foleni. Naandika kwa kuwa yaliyokuwa mabaya zaidi yamepita, na kwa kuwa siku ya kwanza nilipokaa kwenye benchi la hospitali nilitafuta mtu wa kuniambia itakuwaje, nikampata mzee mmoja tu, naye alikuwa hasikii.

Jina langu Kabula. Nauza raba za mitumba Igogo, meza ya pili kutoka kona. Mume wangu ni dereva wa malori, yupo nyumbani kama mvua ya Agosti. Meza ya jirani ni ya Zainabu, anayeuza juisi ya miwa, na yeye ndiye aliyeleta habari ya mbio.

"Kabula, kuna watu wanalipia kugaagaa kwenye matope."

"Wagonjwa?"

"Wazima kabisa. Nyakato, kiwanja cha nyuma ya viwanda. Unaruka ukuta, unabeba gogo, unatambaa chini ya wavu, unaruka kamba iliyotandazwa juu ya dimbwi. Timu ya watu wanne. Washindi wanapewa friza."

"Friza lita ngapi?"

Hilo swali ndilo lililonifikisha kwenye mashindano. Zainabu alilitaka friza kwa ajili ya juisi, mimi nililitaka kwa ajili ya kuliuza. Tukawavuta wanawake wengine wawili wa sokoni, tukalipa kiingilio baada ya kuomba tupunguziwe. Hawakupunguza.

Mazoezi tuliyaanza masika. Siku za kazi tulipanda mawe ya mlimani kila mtu na kiroba cha viatu mgongoni. Jumamosi tulikwenda Magu kwa mama yangu, kwenye majaruba yake ya mpunga, kwa sababu watu wa Nyakato tope lao wangelitengeneza kwa maji ya boza, lile lori la maji, wakati la mama lilikuwa la magotini na la bure. Gogo tulipewa na mama. Kamba tu ndiyo tuliyokosa. Dukani walitaja bei ya kuwafaa wenye meli. Tukiwa njiani nikaiona moja imejiviringisha njia panda, katani nzima, haijakatika popote.

"Iache," Zainabu alisema. "Cha njia panda hakiokotwi."

"Kisichookotwa ni cha bei gani?"

Nikaiokota. Tukaifunga kwenye vigingi viwili juu ya jaruba, tukawa tunairuka kwenda na kurudi, mama yangu akitutazama kutoka kwenye tuta kwa macho ya mtu anayeona chumvi inamwagwa.

Mwili ulikuwa umeanza kusema siku nyingi, ila mimi si mtu wa kusikiliza bei ya kwanza. Nilikuwa nachoka kabla ya wenzangu. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa pagumu kama soli mpya. Nilimwonyesha Zainabu, akabonyeza, akasema, "Misuli hiyo, inaanza kuota." Nikafurahi. Wateja waliniuliza mtoto wa ngapi huyo, nikawapandishia bei. Maumivu ya mazoezi niliyatuliza kwa vidonge vya duka la dawa, nikivimeza kama karanga. Baadaye daktari alivisikia hivyo vidonge akafumba macho kidogo. Wewe unayesoma, kama una tumbo la namna hiyo na umeishi na maji ya ziwa au ya majaruba, usijinunulie cha kutuliza maumivu kabla hujapimwa. Hilo ndilo somo langu lote la kitabibu. Mengine waulize madaktari wenyewe.

Jumamosi moja nilivuka kamba, nikasimama, nikasikia joto linapanda kifuani. Nikainama kwenye mpunga. Nilidhani natapika chai. Ilikuwa damu, na mabonge meusi kama maini ya kuchemsha. Nakumbuka niliwaza kwamba ni nyingi mno kuwa ya mtu mmoja. Mama alishuka kutoka kwenye tuta na viatu vyake. Mama hajawahi kuingia jarubani na viatu.

Sikumbuki njia. Nilianzia hospitali ya Magu, nikaletwa mjini kwa gari la wagonjwa, nikawekewa damu ya ndugu zangu waliokuja kuchangia, wajomba na binamu, wote wa upande wa mama. Usiku huohuo niliwekewa mpira wenye kamera kupitia mdomoni, na mishipa iliyokuwa inavuja kwenye koo la chakula ikakazwa kwa vipete vidogo vya mpira. Ugonjwa ulikuwa kichocho cha tumbo, kile cha majini, kilichokaa kwenye ini miaka mingi bila kulipa kodi.

Lililotokea koridoni nimelipata kwa Zainabu, aliyekuwepo. Daktari alitoka, kijana mpole, akamwinamia mama yangu.

"Shikamoo mama. Usiwe na hofu. Binti yako tumeshamfunga."

Mama akakaa sakafuni.

"Amefungwa sehemu tatu," daktari akaendelea. "Baada ya wiki chache atafungwa tena."

"Nilijua," mama alisema. "Nilijua amefungwa."

Daktari akafurahi kuona familia imeelewa haraka. Kila mtu wa Magu anajua kufungwa ni nini. Mtu anafungwa uzazi, anafungwa biashara, anafungwa asiolewe, na anayefungwa hutafutiwa wa kumfungua. Sasa mama amemsikia mwenyewe mwenye koti jeupe anakiri, na anaahidi kurudia. Na kamba aliiona kwa macho yake.

Kwa hiyo nilitoka wodini nikiwa na vita mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi kuielewa: daktari alisema lazima nirudi kufungwa mpaka mishipa ilale kabisa, pengine mara nne, na nikiacha katikati nitatapika tena, na safari hiyo huenda isiwe karibu na barabara. Ya pili ilikuwa mama. Alikuja kukaa Igogo kuwaangalia wanangu, akapika, akafua, na kila nilipotaja tarehe ya kurudi hospitali alianza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kufungwa mara ya pili kuliangukia mavuno. Niseme kunavyokuwa, maana hilo ndilo nililolitafuta kwa yule mzee asiyesikia. Unakwenda na njaa. Unakaa kwenye benchi refu na watu wenye matumbo makubwa na mikono myembamba, kila mmoja amebeba kitambaa chake. Hakuna anayeulizana amekuja kwa nini. Tunaulizana tumetoka wapi: Ukerewe, Sengerema, Magu, Kome. Ni kama abiria wanaosubiri meli moja. Unaitwa. Unapulizwa dawa chungu kooni, ulimi unakuwa wa mtu mwingine. Unalalia ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki, na mpira unaingia. Hauumi sana, ila unakudhalilisha: mate, machozi na kamasi vinatoka bila kuomba ruhusa. Nesi mmoja alinishika kisigino muda wote. Si mkono, kisigino. Sijui kwa nini, lakini ilinisaidia. Baada ya hapo unakunywa uji uliopoa na maziwa kwa siku kadhaa, na harufu ya samaki wa kukaanga kwa jirani inakuwa kesi ya kupeleka mahakamani.

Vidonge vya kichocho chenyewe ni vikubwa na vichungu, na unapewa kwa wingi. Vimeze umeshiba. Nilijaribu kuomba nipunguziwe viwili. Nesi aliniambia, "Dada, hapa si Igogo."

Mwili ulishuka bei. Nywele zilikatika mbele. Miguu ilivimba, kisha ikanywea, mpaka nikawa navaa namba ndogo kuliko niliyovaa tangu nilipoolewa. Nikachukua raba nzuri ya buluu mezani kwangu mwenyewe, jozi ambayo kwa miaka nisingeiingia. Hiyo niliihesabu kama faida. Ngazi za mawe za mlimani kwetu, zile nilizokuwa nazipanda na kiroba, nilizipanda kwa kupumzika katikati, nikijifanya natazama ziwa. Watoto walizoea. Wa mwisho akawa ananiletea kigoda katikati ya ngazi kabla sijakiomba, na mimi nikawa nagombana naye kwa kuwa alikuwa sahihi.

Siku ya mbio ilifika katikati ya kiangazi. Zainabu alitafuta mtu wa kujaza nafasi yangu, nami nikaenda Nyakato kukaa nyuma ya uzio, nimeshika simu nne na jozi nne za viatu. Jua lilikuwa kali, spika zilikuwa kali zaidi. Boza lilikuwa limemwaga maji usiku, na tope lilikuwa jembamba, jekundu, tope la kitoto. Nililitukana moyoni. Wafanyakazi wa viwandani walilipita wakicheka. Zainabu alikwama juu ya ukuta wa mbao, baibui la mazoezi limenasa, akaniona nikiwa nimesimama.

"Kaa chini!" alipiga kelele. "Nisianguke kwa ajili yako!"

Nikakaa. Walimaliza karibu na mwisho, hawakulisogelea friza. Zainabu alikuja uzioni anadondosha matope, akanipaka kidole kimoja cha tope kwenye paji la uso, akasema, "Na wewe umeshiriki." Nililia kidogo. Nikasingizia vumbi, ingawa siku ile vumbi lote walikuwa wamelimwagia maji.

Nilivyorudi nyumbani mama alikuwa amefunga mizigo yake.

"Narudi Magu," alisema. "Siwezi kukaa nikitazama unapelekwa kufungwa kwa miguu yako mwenyewe. Nimekwenda kwa mganga. Kasema ni kamba. Mpaka uivuke kinyumenyume, ndiyo ufunguke. Na wajomba zako nimewaambia: damu hawatoi tena mpaka umefunguliwa."

Tarehe ya kufungwa mara ya tatu ilikuwa inakaribia. Bila mama, watoto hawakuwa na mtu. Bila wajomba, nikitapika tena sikuwa na damu. Nilimweleza habari ya mishipa, mara mbili, nikamchorea kwenye boksi la viatu. Akautazama mchoro, akasema hiyo ni kamba. Na kweli, nilivyouchora, ilikuwa kamba.

Basi nikakaa chini kama ninavyokaa na mteja ambaye sitaki aondoke.

"Mganga anataka nini, mayu?" Mayu ndiyo mama, kwetu Wasukuma.

"Mara saba, kinyumenyume, kwenye jaruba lilelile, kabla jua halijatoka. Mbuzi mmoja. Na kibuyu cha dawa unywe chote."

"Dawa sinywi. Koo lina vidonda."

"Nusu kibuyu."

"Sinywi hata tone. Anipake."

"Kupaka ana bei yake."

"Kila mtu ana bei yake. Na jarubani siingii. Maji yale ndiyo yaliyonipa ugonjwa."

Mama akaniangalia. "Maji yale ndiyo yaliyokulea."

Mtu wa sokoni akibanwa hutaja namba.

"Uani, pakavu. Mara tatu."

"Saba."

"Tatu, na kamba ilazwe chini. Siwezi kuruka, mayu, niangalie."

Aliniangalia kweli, kuanzia nywele mpaka raba ya buluu. "Tano," alisema taratibu. "Na ukivuka usigeuke nyuma."

"Nikienda kinyumenyume, nyuma ni wapi?"

"Kabula!"

"Tano. Mbuzi ni juu yangu. Ila siku ya hospitali unakuja na mimi. Unakaa kwenye benchi, mpaka natoka."

"Nikae pale nifanye nini?"

"Uone wanaofungwa ni akina nani."

Tulipeana mikono. Najua wapo watakaonisema, wa kanisani na wa hospitalini. Wanaruhusiwa. Mimi nilikuwa nanunua tarehe mbili za hospitali na mtu wa kukaa na wanangu, na kwa bei ya mbuzi na kutembea kinyumenyume sijaona duka linalouza hivyo kwa bei nafuu zaidi.

Ile kamba mama alikuwa ameificha kwenye ghala, imefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Akailaza uani, Magu, alfajiri, jua halijatoka, majirani wakijifanya wanapita. Mganga akanipaka kitu chenye harufu ya moshi. Nikavuka mara moja, mbili, ya tatu nguvu zikaniishia nikabaki nimesimama nimepanua miguu, kamba katikati, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mama akaja akanishika kiwiko. Mara ya nne na ya tano tulivuka pamoja, kinyumenyume, yeye akihesabu kwa Kisukuma, na mkono wake ulikuwa umenikaza kama ninavyowakaza wanangu tukivuka barabara. Hayo ndiyo mazoezi pekee niliyoyafanya kiangazi kile.

Alitimiza ahadi. Siku ya mara ya tatu alivaa kitenge chake cha harusi, akakaa kwenye benchi. Mama akisema Kiswahili, r na l hubadilishana viti, kwa hiyo huwa haongei mjini. Lakini pale alikuta nusu ya benchi ni Wasukuma wenzake. Nilipotoka, ulimi bado mzito, nilimkuta amewahoji wote.

"Yule wa Sengerema, hajavuka kamba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wala yule mama wa Ukerewe. Wala yule kijana. Nimewauliza mmoja mmoja."

"Enhe?"

"Wote hawajavuka kamba." Akafikiri. "Mganga atakuwa hajui habari zao."

Niliamua kuipokea hiyo kama punguzo. Wajomba waliambiwa wakae tayari. Kufungwa mara ya nne kulikuja na mvua za vuli, na safari hiyo mama ndiye aliyenikumbusha tarehe. Daktari alipitisha kamera, akaizungusha, akaitoa bila kufunga zaidi ya kipete kimoja. Akasema mishipa imelala, nirudi kuangaliwa baada ya miezi kadhaa. Kuhusu mbio za mwakani alisema gogo marufuku, ukuta tutaona, tope la boza halina neno, jaruba na ziwa hapana. Zainabu ameshalipa kiingilio cha watu wanne bila kuniuliza. Nguvu bado hazijarudi zote. Kuna siku nafungua meza, nakaa nyuma yake, na mteja akinitajia bei ya wizi naikubali kwa uchovu. Jueni hilo pia: ukipona, uchovu unabaki kama mgeni asiyesoma alama.

Siku hiyo ya mara ya nne nesi, yule wa kisigino, alimtazama mama akiinuka kwenye benchi. Akamtazama tena.

"Mama, wewe unalima majaruba?"

"Tangu sijaota meno," mama alisema.

"Hebu njoo nikubonyeze hapa."

Mama alikubali kupimwa kwa picha, kwa kuwa wanapaka mafuta juu ya tumbo tu, na kupakwa si kufungwa. Ikaonekana bandama, ile ya chini ya mbavu za kushoto, imevimba kuliko yangu. Daktari alimpa vidonge, akavimeza bila ubishi. Kisha akamwambia lazima apitishiwe kamera, na mishipa ikionekana imetuna wamfunge mapema, kabla haijapasuka.

"Nani afungwe?" mama aliuliza.

"Wewe, mama."

"Kwa kosa gani? Mimi sijavuka kamba ya mtu."

"Umevuka na mimi, mayu," nilisema. "Mara mbili."

"Kinyumenyume," akanijibu. "Hiyo ni kufungua."

Akachukua mkoba wake, akanitangulia kutoka. Kesho yake alirudi Magu, kwa sababu mvua zilikuwa zimeshika na miche haimsubiri mtu.

Jana nilimpigia. Nilimsikia anahema, na nyuma ya sauti yake nilisikia maji, chubwi, chubwi, hatua za mtu aliye jarubani. Nikamuuliza uko wapi, akasema nyumbani. Nimemtajia kila nilichonacho: nimlipie vibarua wa kupandikiza, nimlete Igogo, nimnunulie ng'ombe akifika kwenye kitanda cha kamera. Anasema nimpe kwanza ng'ombe. Nimemwomba daktari atafute neno jingine badala ya kufunga. Amejaribu kukaza, amejaribu kubana, mama anasema ni yaleyale. Nimefika mwisho wa bei, jambo ambalo halijawahi kunipata.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliokaa kwenye benchi lile, hasa mliokwenda na wazazi wenu. Ulimwambia nini mama yako mpaka akakubali kulalia ubavu na kung'ata kile kidude? Ulianzia wapi, ulitumia neno gani, alikuwa na nani? Mtu wa Igogo anipitie mezani, wa mbali amwambie mgonjwa anayekuja mjini, nitaulizia kwenye foleni. Msinipe pole, pole ninazo. Nipeni neno lenyewe, na mlilete upesi, mpunga wa mama umeshafika kwenye vifundo vya miguu.